Moto Hula Nguvu ya Sumaku

Wajukuu wangu, na ninyi vijana wengine munaoshuka toka Nyabiondo kwenda kutafuta kazi mu mashimo ya Walikale, juzi mumoja wenu alipita hapa kwangu kuomba maji. Alikuwa na sumaku ya kusafishia kasiteri, madini ya bati. Kusudi isipotee, akaibandika ku ubavu wa mbabula yangu, jiko la kupikia, na makaa yalikuwa yanawaka. Nikamuambia: "Toa kitu yako pale."

Akacheka. "Koko, na weye muzee unajua sumaku?"

Niliitoa mimi mwenyewe na kitambaa, nikamupa maji yake, akaenda. Lakini kile kicheko kilibaki hapa nyumbani. Njo maana ninaandika. Masomo yangu yaliishia primaire ya tatu ku misheni, kwa hiyo musitafute hapa maneno ya kupamba. Mukikuta kosa ya maandishi, mupite, musome yenye inafuata.

Kazi yangu ilikuwa muchanga mweusi. Niliianza upande wa Itebero, miaka ile ya kwanza kisha uhuru, wakati bwana yangu alipata kazi ya kuchimba. Tulitoka Nyabiondo na miguu, tukapita Kalembe, tukaingia mupori. Mimi nilizoea milima, jua na maharagi. Kule niliona miti, matope, na mvua isiyouliza saa. Nililia juma nzima. Kisha nikaacha, juu hakuna muntu alikuwa anasikiliza.

Muchanga unaotoka mu shimo unaoshwa na maji, hiyo munaijua. Maji yanachukua udongo na mawe mepesi, vizito vinabaki chini ya karai. Mu vile vizito iko vitu viwili vyeusi vinavyofanana kama mapacha: kasiteri, ambayo watu wanaitaka, na muchanga wa chuma, ambao hautakiwi na muntu. Maji hayawezi kuvitenganisha, kwa sababu vyote ni vizito. Macho pia hapana. Sumaku njo inaweza. Muchanga wa chuma unaruka kuifuata. Kasiteri inabaki imelala.

Mbele ya uhuru kampi ilikuwa na machine ya kazi hiyo, iliyokula umeme wa groupe, motere ya mazutu. Wenye machine walipoenda, groupe ikafanya kazi kidogo, ikakohoa, ikanyamaza. Sumaku ya machine ile ilikuwa ya umeme. Bila umeme ilikuwa chuma tu. Kuku wa kapita, mukubwa wa kampi, walikuwa wanatagia ndani yake.

Basi tukafanya na mikono. Kuchimba kulikuwa kwa wanaume. Kukausha na kusafisha kukawa kwa wanawake, na mukubwa wetu alikuwa Papa Hangi, muntu wa Kalembe aliyekuwa amefanya ku ile machine zamani. Alikuwa mufupi, macho mekundu ya moshi, na salamu yake ilikuwa kuangalia mikono yako kama ni safi.

Siku yangu ya kwanza alinipa sumaku, akaniacha nijaribu. Nikaiingiza mu muchanga vile ilivyo. Ilitoka imevaa muchanga wa chuma pande zote, nywele nyeusi zimesimama wima. Nikapangusa, zikarudi. Nikafuta na kanga, zikahamia ubavu mwingine. Wanawake wakashika mbavu kwa kucheka.

"Mama Bahati," Papa Hangi akasema, "ema usiitume uchi. Ukiituma uchi inarudi na ndevu." Kule sumaku tuliiita ema. "Uivalishe nguo kwanza."

Akaifunga mu kitambaa chepesi, akaipitisha juu ya muchanga polepole, urefu wa kidole, bila kugusa. Chuma kikaruka kikashika kitambaa. Akaenda kando, akatoa ema ndani ya nguo, na chuma chote kikaanguka chini peke yake. Ndevu zikabaki bila kidevu. Mimi nilikuwa nimehangaika asubuhi nzima.

Mushike pia haya. Muchanga ukauke kabisa; ukiwa na maji, chembe zinashikana, na chuma kinabeba kasiteri mugongoni kama muyaya anavyobeba mutoto. Kila unachoinua, ukitingishe kidogo juu ya karai kabla ya kukitupa, kusudi kasiteri iliyobebwa irudi. Na koltani munayoitafuta leo, sumaku ndogo haiinui. Inataka yenye nguvu sana. Sisi wakati ule tuliiona ni uchafu mwingine mweusi.

Zilikuwa ema mbili tu za kazi mu kampi. Zilitolewa mu oparleri, vile vipaza sauti vya radio zilizokufa: duara, nyeusi, na tundu katikati, utasema kipande cha chungu. Moja tulifanya nayo kazi, ya pili kapita aliiweka ndani ya kitambaa mu nyumba yake. Ile ya kazi ilipotea mara moja mu matope, tukatafuta mupaka tukachoka, na ilionekana chini ya kisigino cha mumoja wetu. Kuanzia siku ile Papa Hangi akatufundisha: ukimaliza, uibandike ku ukingo wa tole. Tole ilikuwa bati nene ya chuma tuliyokaushia muchanga, na moto chini yake. Ema ilishika ukingo yenyewe, haikuhitaji kamba wala musumari. Tulisema ni akili. Kila mara unanyosha mukono unaikuta pale, sawa muntu aliyekaa kwake.

Wakati wa jua haikuwa na neno. Moto ulikuwa mudogo, jua lilisaidia. Lakini mvua ilipoanza kweli, wachimbaji walileta muchanga unaochuruzika, na kapita alitaka mifuko ijae. Tuliongeza kuni. Tole ilifikia kuwa nyekundu katikati. Ema ilikuwa ku ukingo palepale, tunaichukua na kitambaa juu inachoma, tunafanya kazi, tunairudisha. Hakuna aliyeuliza.

Sasa nitawaambia juu ya Mapendo.

Mapendo alikuwa mwanamuke kijana wa kwetu Nyabiondo. Bwana yake alikufa, shimo lilimuangukia, akamuachia mutoto wa kike wa kutambaa. Baba-mukwe wake alitaka huyo mutoto. Alisema damu ni yake, na Mapendo arudi kwao mikono mitupu. Kapita Bauma njo alimukatalia: alisema huyu mwanamuke iko na kazi yangu, analisha mutoto wake, basi akae naye. Kwa hiyo musikie vizuri: kazi ya muchanga njo ilimushikilia Mapendo mutoto wake. Siku angekosa ile kazi, baba-mukwe angekuja asubuhi yake.

Na mu kampi kulikuwa na desturi. Mwanamuke haruki chombo cha kazi ya shimo. Si sururu, si chepeo ya kuchotea udongo, si kamba. Akiruka, chombo kinakufa nguvu. Mimi pia niliiheshimu, nilizunguka mupaka vyepeo vilivyolala mu njia, hata na muzigo kichwani. Tulikuwa watu wa kusali, kila siku ya Mungu, njo Jumapili, mukatekista alitufundisha, lakini ile desturi tuliibeba pamoja na sala na hatukuona kama vinagombana.

Siku moja mutoto wa Mapendo alitambaa kuelekea moto. Mama yake alikuwa ng'ambo ya pili ya tole. Hakuzunguka. Aliruka kona ya tole, palepale ema ilipobandikwa, akamunyakua mutoto, mukono wake ukiwa karibu na makaa. Sisi wote tulipumua. Lakini Ndoole, muchimbaji mumoja mwenye sauti kubwa, alikuwa anashusha muzigo wake pale. Hakuangalia mutoto. Aliangalia ema.

"Umeruka," akasema.

"Mutoto wangu alikuwa anaungua!"

"Sikuuliza mutoto. Nimesema umeruka."

Haikupita muda, lori likarudisha mifuko yetu. Wanunuzi walisema chuma ni mingi ndani. Papa Hangi akachukua ema ya kazi, akaipitisha juu ya muchanga. Iliinua chembe chache, zikaanguka njiani. Akaiweka ku musumari, musumari haukusogea. Ilikuwa imekufa.

Mangaribi ile ile kampi nzima ilikuwa inasema neno moja. Ndoole alizunguka nyumba kwa nyumba. Wachimbaji walikuwa na hasira ya kweli, musiwaone wabaya tu: jasho lao lilikuwa mu ile mifuko. Walimuendea kapita.

"Kapita, huyu mwanamuke aende. Ema ya kwanza ameiua. Ukimupa ya pili, ataiua pia."

Kapita Bauma hakuwa muntu mubaya, lakini bila wachimbaji hakuna kampi. Akasema tutaongea siku ya Mungu, kisha sala, mbele ya wote. Na akatoa ema ya pili mu nyumba yake, akamupa Papa Hangi mukononi. "Ni hii tu imebaki. Mapendo asiikaribie."

Mapendo alikuja kwangu. Hakulia. Alifunga mutoto mugongoni na kitenge, akafunga tena juu yake, sawa muntu anayefunga muzigo wa safari. Nikamuuliza unaenda wapi. "Siendi fasi yoyote," akasema, "ninafunga tu." Tena na tena mukono wake ulikuwa unarudi mugongoni kumupapasa.

Kesho yake Papa Hangi aliniambia: "Mama Bahati, twende kwa Deo." Kaka Deo alikuwa muntu wa fonie, ile radio ya kuongea na mbali. Alitoka mbali, Kilingala kingi, na kila siku alikuwa na waya mu meno. Tulienda kumuomba aite ema ingine. Aliahidi ataita, lakini lori haitakuja mbele ya siku ya Mungu.

"Na ile imekufa, imekufa na nini?" Papa Hangi akauliza.

Deo aliinuka. Alichukua jiwe jeusi, kubwa kama ngumi, lililookotwa mutoni, la aina moja na muchanga wetu wa chuma. Akachukua pile, betri za torche, ampuli ndogo ya taa na waya. Akaunga vyote, jiwe likiwa katikati, umeme upite ndani yake. Ampuli ikawaka kidogo sana, nyekundu, sawa ncha ya sigara.

"Jiwe inapitisha umeme?" nikauliza.

"Kidogo. Si kama waya, na si kama kuni. Iko katikati. Sasa muangalie."

Akasogeza jiwe ku makaa. Tukangoja. Ampuli ikaongezeka, ikawa ya manjano. Tena akatoa jiwe, akaweka fasi yake waya mwembamba wa chuma uliokunjwa, akauweka ku moto. Ampuli ikashuka. Vitu viwili, moto mumoja: chuma inachoka kupitisha umeme ikipata moto, na jiwe nyeusi inaamka.

"Basi moto ni rafiki ya jiwe," Papa Hangi akasema.

"Kwa umeme, ndiyo. Sasa uone kwa ema."

Akalirudisha jiwe mu makaa, akapuliza mupaka likawa jekundu. Akachukua ema iliyokuwa ku oparleri ya zamani pale mezani kwake, dhaifu na imevunjika nusu, akaisogeza mara moja karibu na jiwe, akairudisha haraka. Hapo mwanzo, jiwe likiwa bado baridi, alikuwa ametuonyesha ema ile inalivuta. Sasa haikuvuta kitu. Jiwe lilikuwa kama kuni.

"Imekufa?" nikasema.

"Imelala. Ikipoa, ema itaivuta tena." Tuliingoja ipoe, na kweli, ikavutwa. "Jiwe ya mutoni haina nguvu nyingi yake mwenyewe, inavutwa tu, basi ikipoa inavutwa tena sawa mbele. Lakini ema yenu ilipangwa ndani na watu wa uzine, kule zinatengenezwa. Ndani yake vitu vyote vinaangalia upande mumoja, sawa askari mu mustari. Moto inavuruga mustari. Ikipoa, askari wako pale pale, lakini kila mumoja anaangalia kwake. Na hapa hatuna uzine ya kuwapanga tena."

Papa Hangi aligeuza ile ema nusu mukononi. Kisha akauliza polepole: "Na kama ema inakaa ku tole? Ku ukingo? Kila siku, mvua nzima?"

Deo akamuangalia. "Nani aliiweka ku tole?"

"Mimi njo nilifundisha."

Tukarudi. Njiani nilimuambia, Papa, Deo aje aseme haya mbele ya watu. Akatingisha kichwa. Alikuwa amekwisha kumuomba, mimi nikiwa nimetangulia inje. Deo alisema atakuja, lakini watu watasikia muntu wa fonie anaongea maneno ya radio, na Ndoole atasema ndiyo, moto iko, lakini na mwanamuke aliruka. Na Deo alikuwa na haki. Maneno hayangetosha.

"Basi tuonyeshe na ile iliyokufa," nikasema.

"Ile imekwisha kufa. Haiwezi kufa tena wakaona. Na ile nusu ya Deo ni dhaifu, watasema ilikuwa imekufa zamani." 

Nikafahamu alichokuwa anawaza, nikasimama mu njia. "Papa Hangi, hapana. Ni hiyo moja tu imebaki. Kapita atakufukuza. Weye iko na watoto wanasoma Kalembe."

"Na Mapendo iko na mumoja," akasema. Akaendelea kutembea.

Siku ya Mungu, kisha sala, watu hawakutoka. Tulikaa mbele ya hangari ya kukaushia, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Baba-mukwe wa Mapendo alikuwa amefika, alikuwa amesikia. Alikaa ku kiti alicholeta mwenyewe, na kitenge kipya cha kubebea mutoto kilikuwa ku magoti yake. Mapendo alikiona.

Kapita Bauma akasema maneno machache. Ndoole akasema mengi. Kisha Papa Hangi akasimama, akaomba njia, akaweka ema ya pili juu ya jani la ndizi, chini, katikati ya watu wote.

"Mapendo. Kuja uiruke."

Watu wakapiga kelele. Kapita akasimama. "Papa Hangi, nilisema asiikaribie!"

"Mumesema ameua moja. Mumuone akiua ya pili. Ama munaogopa hataiua?"

Mapendo alikuja na mutoto mugongoni. Akakaza fundo la kitenge. Akaruka. "Rudi," Papa Hangi akasema. Akarudi. "Tena." Akaruka tena. Papa Hangi akaokota ema, akaishusha ku kopo la misumari. Misumari ikapanda, moja ikashika nyingine, ikaning'inia kama mukufu. Akazunguka nayo mbele ya kila muntu, polepole, kusudi muntu asiseme hakuona.

Ndoole akasema: "Ugonjwa wa vile unakuja polepole."

"Vizuri," Papa Hangi akasema. "Basi mimi nitaonyesha ile inayokuja mbio."

Moto wa tole ulikuwa tayari. Alikuwa ameuwasha mbele ya sala. Akatoa misumari yote. Kapita alifahamu sasa. "Papa Hangi! Papa Hangi, usifanye! Ni hiyo moja tu!" Akakimbia, lakini ema ilikuwa imekwisha kuingia mu makaa. Papa Hangi alisimama mbele ya moto na mikono wazi. Kapita angeweza kumusukuma. Hakumusukuma.

Mutoto wa Mapendo njo alikuwa anapiga kelele zake peke yake. Ema ilifika kuwa nyekundu. Papa Hangi akaitoa na koleo, akaizika mu majivu. Hakuiweka mu maji, juu ingepasuka na watu wangesema imepasuliwa. Alituacha tungoje mupaka ikapoa kabisa na akaweza kuishika na mukono. Kisha akamupa Ndoole mwenyewe.

"Weye. Weka ku misumari."

Ndoole akaishusha mu kopo. Akaiinua. Akaishusha tena, akaizungusha, akajaribu upande wa pili. Hakuna musumari uliofuata.

"Mwanamuke gani ameiruka mu makaa?" Papa Hangi akauliza. Hakupandisha sauti. "Ile ya kwanza, mumeiona kila siku imebandikwa ku tole. Tole ilikuwa nyekundu. Nani aliwafundisha wanawake kuiweka pale? Mimi. Si Mapendo. Kama ni kufukuza, mumejua wa kufukuza."

Baba-mukwe alikunja kile kitenge, akakiweka chini ya kwapa. Alitafuta jicho la kapita, lakini kapita alikuwa anaangalia ema mukononi mwa Ndoole. Kisha Kapita Bauma akasema Mapendo atabaki ku kazi yake, na hakuna muntu atamuuliza tena. Na akasema kwamba Papa Hangi ameharibu chombo cha kampi mbele ya kampi nzima, anajua na watu wanajua, na kesho aende kwao.

Nilisimama kusema. Papa Hangi akanikata na mukono. "Mama Bahati, kaa." Nikakaa. Ninawaambia ninyi, ni mara chache mu maisha yangu nimekaa nilipotaka kusimama.

Asubuhi alienda Kalembe na mukeka wake na shoka. Wachimbaji wengine walimubebea muzigo mupaka mutoni. Ndoole pia alibeba. Alipoweka muzigo chini alisema, "Papa," basi.

Siku zilizofuata tulioshaosha muchanga mara nyingi na maji, tukatoa chuma kadiri tulivyoweza, na mifuko ikaenda bado na uchafu, na wachimbaji wakanung'unika bila kutaja jina la mwanamuke yeyote. Tuliacha kabisa ile desturi ya kubandika ema ku tole. Tulichonga kigingi cha muti mbali na moto, ema mupya itundikwe pale. Tulikuwa tunakiangalia, na hakikuwa na kitu cha kubeba.

Kisha lori likaleta ema mupya. Kapita Bauma alikuja nayo hangarini yeye mwenyewe. Wanawake tulikuwa tumekaa mbele ya muchanga. Alinipita mimi, mukubwa kwa miaka, akasimama mbele ya Mapendo, akamunyoshea.

"Shika."

Mapendo akaweka mikono yake nyuma. "Kapita, kwanza utume muntu Kalembe."

"Mapendo, ninakupa kazi ya ukubwa. Shika."

"Ninasikia. Utume muntu Kalembe."

Kapita akanigeukia. Na mimi nikaweka mikono nyuma. Halafu mwingine, na mwingine, mupaka mustari wote. Muchanga ulikuwa ku tole, umekauka, moto unawaka bure. Kapita alikaa juu ya ile machine ya kuku, ema ku magoti, muda ambao sijui kuusema. Kisha akaita muntu. Na huyo muntu alikuwa Ndoole, juu hakuna mwingine aliyenyosha mukono kwenda.

Ndoole alirudi peke yake. Tulisimama wote. Alisema alimukuta Papa Hangi anapanda muhogo, akamupa chakula, akamusikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema harudi. Macho yake yamechoka na moshi, na ardhi yake iko inamungoja.

"Hakusema kitu kingine?" Mapendo akauliza.

Ndoole alimuangalia moja kwa moja, kwa mara ya kwanza kuanzia siku ile. "Alisema nikuambie weye. Muchanga wa shimo la juu iko na chuma mingi kuliko huu wa chini. Usitosheke na mara moja. Ungoje upoe vizuri, ema isipate moto, kisha uipitishe, uipitishe tena."

Mapendo akainua mikono yake miwili, akapokea ema kwa Kapita Bauma. Akaivalisha kitambaa. Muchanga uliokuwa ku tole siku ile ulikuwa wa shimo la juu. Akauteremusha, akangoja upoe, na alipomaliza kuipitisha ema, akaanza tena.